Mikono na Miguu ya Jeshi: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Watoto na Historia ya Vita

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni warsha za historia ya vita ambazo siku hizi huendeshwa katika shule zetu na katika majumba ya makumbusho, ambamo watoto huruhusiwa kushika vitu, kuvibeba na kuuliza, badala ya kunakili ubaoni. Tumechagua barua nne. Ya kwanza imejibiwa kwa urefu kwa kuwa inagusa kiini cha jambo lenyewe.

Mimi ni mwalimu wa Darasa la Sita katika shule ya msingi hapa Temeke. Muhula uliopita tulipata wageni walioendesha warsha ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Walileta kofia za chuma, chupa za maji za kijeshi na bunduki za mbao, na watoto wakapiga kwata uwanjani kwa furaha kubwa. Wiki iliyofuata nilipowauliza wamejifunza nini, wengi walinionesha namna ya kulenga shabaha, na hakuna hata mmoja aliyejua kuwa vita hiyo ilipiganwa pia katika ardhi yetu. Nataka kuandaa warsha yangu mwenyewe, lakini sina fedha wala vitu vya kale. Nianzie wapi? (Mwalimu, Temeke)

Mwalimu, watoto wako hawakukosea, kwani walikujibu kwa kile walichopewa mikononi. Mtoto akishika bunduki, hata ikiwa ya mbao, somo lake la siku hiyo ni bunduki, na maelezo yote utakayompa kuhusu njaa, maradhi na misiba hayatamfikia, kwa sababu mikono na macho yake viko kwingine. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta vitu vya kale, jiulize watu wengi zaidi walifanya kazi gani katika vita hiyo. Kwa nchi yetu jibu halina utata: walibeba mizigo.

Vita ilifika Dar es Salaam mapema sana. Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya kutangazwa huko Ulaya, manowari ya Uingereza iitwayo Astraea iliupiga mji huu kwa mizinga ikilenga kituo cha simu za upepo cha Wajerumani. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, lakini jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma kuelekea kusini, likavuka Ruvuma na kuingia Msumbiji mwaka 1917, likarejea tena mwaka uliofuata, na halikuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Katika mwendo huo wote reli zilikuwa mbili tu, ile ya Tanga na ile ya kati, barabara za magari zilikuwa chache, na farasi, nyumbu na ng'ombe waliokokota mizigo waliteketea kwa ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Wanahistoria hukadiria kuwa Waingereza na washirika wao waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja kwa vipindi mbalimbali, na kwamba waliopoteza maisha ni takriban laki moja au zaidi, wengi wao wakiwa wameuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa, si risasi. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, ambao wengi walikamatwa kwa nguvu vijijini.

Wanafunzi wako wanaishi karibu na kumbukumbu ya watu hao na kuitaja kila siku bila kujua. Kariakoo ni tamko letu la "Carrier Corps", jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, kwa kuwa hapo ndipo Waingereza walipoweka kambi yao baada ya kuuteka mji. Mtoto anayetumwa Kariakoo kununua daftari anatamka jina la kikosi cha vita, na nijuavyo mimi hakuna mlango mzuri kuliko huo wa kuingilia somo hili.

Sasa vifaa. Unahitaji kiroba kimoja cha sembe cha kilo 25, khanga kuukuu mbili au tatu, vifurushi vya mchanga vya kilo 3 au 4 vilivyofungwa vizuri, na ubao. Mizigo ya wapagazi kwa kawaida ilikuwa kati ya kilo 20 na 30, kwa hiyo kiroba hicho kinatosha kuwa kipimo. Mtoto wa miaka kumi na miwili asikitwishwe kichwani hata kwa dakika moja, maana shingo yake bado changa. Watoto wawili wakiinue pamoja, wewe ukiwa umekishika kwa chini, kiasi cha shubiri moja kutoka sakafuni, kisha wakishushe. Hapo watakuwa wamejua uzito. Mwendo watauonja kwa vile vifurushi vya mchanga: wafundishane kukunja khanga kuwa ngata (utashangaa ni watoto wangapi wa mjini hawajawahi kuikunja), wajitwishe, kisha wauzunguke uwanja wa shule mara nne kwa mstari mmoja, bila kuzungumza, asubuhi kabla jua halijawa kali. Wakirudi, usiwaulize wamejisikiaje. Waulize wangapi waliangusha mzigo, na katika mzunguko wa ngapi.

Kisha waende ubaoni, kwa sababu sehemu yenye nguvu kuliko zote katika warsha hii ni hesabu. Waambie wachukulie kuwa mpagazi amebeba kilo 25 za unga, anakula kilo moja kwa siku, na kambi ya askari iko mwendo wa siku kumi. Akienda na kurudi amekula kilo 20, kwa hiyo mzigo unaofika kwa askari ni kilo 5 tu. Askari mia moja wanaokula kilo moja kila mmoja wanahitaji kilo mia kila siku, yaani wapagazi 20 wafike kila siku. Na kwa kuwa kila mpagazi anatumia siku 20 njiani, lazima wapagazi 400 wawe barabarani wakati wote ili askari mia moja wasilale njaa. Halafu, bila kuwaambia sababu, isogeze kambi mbele kwa mwendo wa siku mbili tu. Sasa mpagazi anakula kilo 24, anafikisha kilo moja, na watu wanaohitajika njiani ni 2,400.

Nimefanya zoezi hili na madarasa kadhaa kabla sijastaafu, na kila mara huja kipindi cha kimya baada ya namba hiyo ya mwisho kuandikwa. Watoto huirudia hesabu wakidhani wamekosea. Mwaka mmoja msichana aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, ambaye kwa kawaida hakuwa akinyoosha mkono, aliuliza: "Mwalimu, unga ukipungua, anapunguziwa nani?" Nilimwomba aje mbele alijibu swali hilo mwenyewe. Alichukua kifutio, akafuta ile kilo moja ya mpagazi, akaandika nusu kilo, akarudi kukaa. Sikuongeza neno, kwa sababu alikuwa ameifikia historia yenyewe: wapagazi walikula pungufu ya askari, na wengi wao, waliozoea ndizi au wali makwao, walipewa unga wa mahindi bila muda wala vyombo vya kuupika hadi uive, na matumbo yao yakaharibika njiani.

Kutoka hapo waulize swali la shamba. Wanaume elfu mbili na mia nne walitoka wapi, na mvua zilipoanza kunyesha ni nani aliyelima? Hapo ndipo utakapowaeleza habari za Ugogo, ambako majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, mifugo na vijana, mvua nazo zikawa haba, na nchi ikaingia katika njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoua maelfu ya watu ambao hawakuwahi kuiona bunduki ikielekezwa kwao. Ukiwa na mtoto wa Kigogo darasani, mtume nyumbani kwanza akaulize kama wazee wanalifahamu jina hilo.

Ukipata nauli, wapeleke Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, kisha watembee kwa miguu hadi kwenye Sanamu ya Askari. Lakini safari hiyo ije baada ya kiroba, si kabla. Aliyekwisha kubeba huangalia picha ya mpagazi kwa macho tofauti: hutazama ngata, hutazama miguu isiyo na viatu, hutafuta chakula chake kiko wapi.

Naandika nikiwa na uchungu kidogo. Mwanangu wa Darasa la Tano alirudi kutoka kwenye warsha ya historia ambako walipigiwa milio ya mizinga kwa vipaza sauti. Jioni akawa anaigiza milio ile sebuleni. Mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye, alikuwa hapa Mbagala siku ya milipuko ya mabomu katika ghala la jeshi mwaka 2009. Alianza kutetemeka, akatoka nje akakaa barazani hadi usiku. Je, ni lazima watoto wafundishwe mambo ya vita? (Mama, Mbagala Kuu)

Pole sana, mama, na umpe pole zangu bibi. Mtoto wako hana hatia. Mwaka 2009 hakuwa amezaliwa, na hakuna aliyemweleza kuwa mlio aliouona mchezo ni mlio ambao watu wa mtaa wake waliukimbia tarehe 29 Aprili mwaka ule wakiwa wamebeba watoto mgongoni, na ambao watu wa Gongo la Mboto waliukimbia tena tarehe 16 Februari 2011. Waandaaji wa warsha walipaswa kulijua hilo. Katika jiji hili milio ya mizinga haina nafasi katika somo la watoto, kwanza kwa sababu kila darasa lina mtoto ambaye nyumbani kwao kuna mtu aliyeumia, na pili kwa sababu mlio haufundishi chochote isipokuwa hofu kwa anayeikumbuka na burudani kwa asiyeikumbuka.

Hata hivyo, nakuomba usimwondoe mwanao katika somo lenyewe. Nenda shuleni, ukutane na mwalimu wa darasa kwa faragha, umweleze kilichotokea sebuleni kwako kama ulivyonieleza mimi, na umwombe kuwa wakati mwingine wazazi wapewe taarifa kabla ya warsha, ikiwa na maelezo ya vitu vitakavyooneshwa. Walimu wengi watashukuru kuambiwa. Kwa upande wa bibi, siyo lazima mjukuu amuulize habari za siku ile. Inatosha ukimweleza mtoto wewe mwenyewe, kwa maneno machache, kwa nini bibi alitoka nje. Kisha umwache yeye achague namna ya kumwomba radhi.

Jambo moja la usalama, kwa wazazi wote. Warsha za kushika vitu zimewafanya baadhi ya watoto waanze kutafuta "vitu vya vita" wao wenyewe. Mtoto aambiwe wazi kuwa chuma chochote asichokijua, kilichookotwa shambani, ufukweni au kwenye machimbo ya mchanga, hakiguswi, hakigongwi, wala hakiuzwi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Akae mbali nacho, amwite mtu mzima, na mtu mzima atoe taarifa polisi au serikali ya mtaa.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa Darasa la Saba, Ilala. Tulikwenda Posta kuiona Sanamu ya Askari, na mwalimu wetu akatusomea maandishi yake. Yanasema ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Niliizunguka sanamu yote nikitafuta majina, sikuona hata moja. Majina yako wapi? (Mwanafunzi, Ilala)

Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali ambalo watu wazima wengi wamepita mbele ya sanamu ile maisha yao yote bila kuliuliza, na nitakujibu kwa kadiri ninavyojua.

Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 1927, wakati nchi yetu ikiwa chini ya Waingereza. Kabla ya vita kulikuwa na sanamu ya gavana Mjerumani aliyeitwa Wissmann, na Waingereza wakaiondoa. Maandishi uliyosomewa yako kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na ukiyarudia utaona kuwa hayawataji askari peke yao: yanawataja pia wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Aliyeyatunga ni mwandishi wa Kiingereza, Rudyard Kipling. Mtoto wake wa kiume aliuawa katika vita hiyohiyo huko Ufaransa mwaka 1915, na hadi Kipling mwenyewe anafariki mwaka 1936 hakuwahi kuoneshwa kaburi la mwanawe. Alijua, basi, uchungu wa jina lisilo na mahali pa kulisomea.

Lakini jina la mtoto wake liliandikwa kwenye ukuta wa kumbukumbu, na ya wapagazi wetu hayakuandikwa. Mwaka 1917, vita ikiwa bado inaendelea, Waingereza waliunda tume ya kutunza makaburi, iliyoahidi kuwa kila aliyekufa angekumbukwa kwa jina lake, bila kujali cheo. Ahadi hiyo haikutimizwa kwa Waafrika wengi, na hasa kwa wapagazi; ilionekana kuwa sanamu moja katika mji mkubwa inawatosha wote. Ukienda kwenye makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara iendayo Bagamoyo utakuta mawe yaliyopangwa kwa mistari, yenye majina na tarehe, na utaelewa tofauti ninayoisema. Mwaka 2021 tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ikikiri kosa na kuomba radhi. Ilisema kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo majina mengine yamo katika karatasi za zamani ambazo watafiti wangali wanazipekua, mengine yalipotea, na mengine yamo majumbani. Hayo ya majumbani ndiyo unayoweza kuyafikia wewe. Muulize babu au bibi kama katika ukoo wenu kuna aliyesemekana kuchukuliwa na Wajerumani au Waingereza na hakurudi. Ukipewa jina, liandike kama ulivyolisikia, pamoja na kijiji chake na jina la aliyekusimulia, na tarehe uliyosimuliwa. Usilirekebishe ili lipendeze. Mpe mwalimu wako nakala moja, na nyingine ubaki nayo.

Jirani yetu ni mzee aliyepigana Vita ya Kagera. Tungependa aje shuleni kuzungumza na wanafunzi katika juma la Siku ya Mashujaa, lakini tunaogopa kumkosea au kumtia simanzi. Tumwandae vipi, na watoto tuwaandae vipi? (Mwalimu wa taaluma, Kinondoni)

Nendeni kwake nyumbani kwanza, bila watoto, na mumpe nafasi ya kukataa. Kijana aliyekuwa na miaka 20 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera Oktoba 1978 leo amepita miaka 65, na huenda hajawahi kuwasimulia hata wanawe. Muulizeni yapi angependa yasiguswe, na mheshimu jibu lake.

Wanafunzi nao wasije mikono mitupu. Waufahamu mfuatano wa mambo kabla hajafika: uvamizi wa Oktoba, tangazo la Mwalimu Nyerere mwanzoni mwa Novemba kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga adui tunavyo, kuanguka kwa Kampala Aprili 1979, na wanamgambo, polisi, Magereza na vijana wa JKT walioungana na wanajeshi wa kawaida. Wakiyajua hayo, mzee hatalazimika kuwa kitabu cha kiada, na muda wake utabaki kwa mambo ambayo ni yeye tu anayeyajua. Maswali yao yawe madogo na ya karibu. Ulivaa viatu gani? Mlikula nini siku mvua iliponyesha? Barua kutoka nyumbani zilichukua muda gani? Nani alikufundisha kuchimba handaki? Swali la "uliua wangapi" lizuiwe mapema, na watoto waelezwe sababu, kwa kuwa wapo watakaoliuliza bila nia mbaya.

Ningeongeza mgeni wa pili, nanyi mnisamehe kwa kuwatwisha kazi: mama mtu mzima wa mtaani aliyekuwa Dar es Salaam miaka ile. Baada ya vita wananchi waliombwa kufunga mikanda, na miaka iliyofuata sabuni, sukari na nguo vikawa adimu, ingawa vita haikuwa sababu pekee, kwani kulikuwa pia na ukame, kupanda kwa bei ya mafuta na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Mama huyo aje na alichokitumia badala ya sabuni, au awaeleze watoto walivyopanga mawe kwenye foleni kushika nafasi zao tangu alfajiri. Watoto wapange mawe yao uwanjani, kila mmoja na lake.

Vipindi viwili vinatosha. Kiti cha mzee kiwekwe kivulini, maji yawe karibu, na mwanafunzi mmoja apewe kazi ya kumsindikiza hadi nyumbani.